Kitabu Kiko Chini

Bwana Lwaboshi wa etasivili
alilamba kidole gumba akafunua rejista,
akarudi nyuma hadi mwanzo, na mwanzo wake
ulikuwa mwezi wa tatu, baada ya moto.
"Mama, kabla ya hapa hatuna kitu."
Nikamwambia niliolewa mwaka wa sabini na nane,
Alhamisi, mvua ikinyesha,
papa hapa, ila jengo lilikuwa jingine.
Akagonga sakafu kwa kisigino:
"Basi kitabu chenu kiko hapo chini.
Mita tatu, labda nne. Jiwe limekilalia."

Bauma akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu.
Miaka yote napita hapa na beseni la sambaza
nikielekea soko la Virunga,
kumbe nakanyaga jina langu.

Watu wa katasta hawataki hadithi.
Kiwanja cha Majengo kina jina moja, la mwanamume,
na shemeji zangu wameanza kukipima kwa macho
kila wanapokuja kumpa pole ya kikohozi.
Nilipeleka picha: mimi na gauni la kuazima.
Wakasema picha haina kashe.
Nikataja mbuzi kumi na wawili wa baba,
nikawataja kwa rangi.
Wakasema mbuzi hawatii sahihi.
Shahidi wangu amezikwa Kanyabayonga;
wake yuko Kampala, hapokei simu.
"Njia ni moja," akasema Lwaboshi. "Muoane."

Wakabandika tangazo ubaoni, siku kumi na tano:
BAUMA KITSA, miaka sabini na mmoja, fundi wa redio,
na KATUNGU MALIRO, miaka sitini na sita,
wanakusudia kufunga ndoa.
Mwenye kizuizi ajitokeze.

Wajukuu walicheka hadi wakashikwa na kwikwi.
Jirani akaniuliza mimba ina miezi mingapi.
Kila asubuhi nilipita kusoma.
Siku ya tisa jua lilikuwa limekula B ya Bauma
na hakuna aliyejitokeza.
Nikaazima penseli kwa muuza vocha,
nikaandika pembeni kwa herufi ndogo:
Anakoroma.

Siku yenyewe Bauma alivaa koti lake la mazishi.
Afisa akajifunga mkanda wa bendera.
"Katungu, unamkubali huyu?"

Mwaka ule swali lilipita juu ya kichwa changu
kama mpira, likadakwa na baba nyuma yangu;
aliitikia kabla sijafungua mdomo.
Safari hii nikageuka. Nyuma hapakuwa na mtu,
viti vya plastiki tu, na binti yangu akishika simu.
Swali lilikuwa langu. Nikakaa nalo.
Nikawaza usiku wa lava, godoro kichwani mwake,
kitinda mimba mgongoni mwangu, hadi Gisenyi,
na jinsi alivyorudi peke yake
kuchukua cherehani yangu, akaacha redio zake.
Nikawaza pia mwaka wa Walikale, na yule mwanamke.
Vyote viwili nikaviweka mezani, nikavipima.
Afisa akatazama saa. Bauma aliacha kukohoa.
Sikuwahi kumwona akiniogopa.
"Ndiyo," nikasema. "Lakini andika jina langu lote."

Akti inasema tumeoana leo.
Kwa hiyo watoto wangu saba ni wa nje,
nami ni bibi harusi mwenye magoti mabovu.
Franka zilitoka, risiti ikarudi, wino ukapulizwa.
Bauma alitaka tupande pikipiki.
Nikakataa. Nilitembea na karatasi mikononi
kama mtu aliyebeba sinia la chai,
nikilikanyaga taratibu lile jiwe jeusi,
maana chini, mita tatu, labda nne,
kuna msichana wa miaka kumi na tisa
ambaye hajaulizwa bado.