Orodha ya Ijumaa

Hukumu ilisomwa saa nne na dakika kumi.
Saa nne u nusu Odile Broussard alishika simu,
mbele yake majina kumi na manane
na kahawa iliyopoa kabla ya jina la tatu.

"Samahani. Leo hatuwezi tena."
"Jana mlisema nije saa nane."
"Jana, ndiyo."

Karibu miaka hamsini haki ilikaa ndani ya Katiba,
au walidhani imekaa;
sasa majaji wanasema wamepekua ibara kwa ibara
wasiione,
kama mtu anayetafuta ufunguo
wa nyumba aliyokwisha kuiuza.

Sheria ni msumeno. Safari hii umekata ramani:
ng'ambo hii ya mto, kosa la jinai,
ng'ambo ile, miadi ya Jumanne.
Mto wenyewe hauna habari.

Jina la kumi na moja halikupokea.
La kumi na mbili lilikuwa tayari barabarani,
wiki ya saba, watoto wawili kiti cha nyuma.
"Illinois ni mbali?"
"Mwendo wa saa nane."
Kimya. Mtoto mmoja akaomba maji.

Nje wenye mabango wanakumbatiana, wanalia kwa furaha.
Earlene, aliyesoma naye Shreveport darasa moja,
anampungia mkono kwa mazoea.
Naye, kwa mazoea, anapunga.

Jumatatu jioni jaji wa jimbo akasitisha marufuku
kwa wiki mbili. Labda tatu.
Odile akaanza upya, jina la kwanza,
ila sasa saa zote
akaziandika kwa penseli.