Kalenda ya Jikoni

Miaka kumi na tisa Ngumbao alikoroga sosi ya Mtaliano pale Malindi,
vilima vya mizabibu akivijua kwa kalenda tu.
Mimi nilijua harufu: kitunguu saumu shatini.

Jumamosi hii tumepanda bodaboda hadi Marafa,
safari yetu ya kwanza isiyo ya matanga.

Mgema katuletea kibuyu.
Mume wangu akamimina tembo katika glasi,
akalizungusha, akalinusa, macho kafumba:
"Mnazi wa kusini. Umegemwa alfajiri."
"Ni wa jana, bwana," mgema akacheka.

Nikampa mrija.
Tukanywa kwa zamu, na muhogo wa kuchoma,
vumbi jekundu miguuni.

Njiani akaniuliza
iwapo huko Toskana yupo mpishi
aliyetundika Marafa ukutani.