Sekunde Kumi na Nne

Ripoti imefika na muhuri wake:
Mwalimu Tusekile Mwakalobo, Baiolojia,
sekondari ya kata, Rungwe.
Kusoma: vizuri. Kusikiliza: wastani.
Kuzungumza: chini ya kiwango.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa:
Mtahiniwa alikaa kimya sekunde kumi na nne.

Nakubali. Nilikaa.

Niliondoka Tukuyu kabla ya jogoo,
viatu vizuri ndani ya mfuko.
Ukumbini Mbeya wakanivika vikombe vyeusi masikioni,
mvua ikaanza kuponda bati,
na sauti ya mwanamke asiyewahi kunyeshewa
ikaniuliza treni ya Jumatano huondokea jukwaa la ngapi.
Nikabahatisha: la tatu.
Kumbe la tatu.

Kisha ikasema, kwa upole:
Eleza siku uliyomfafanulia mtu jambo gumu.

Hapo ndipo.

Kwa sababu aliingia Gwakisa, kidato cha kwanza,
mtoto wa mchuma chai, vidole virefu,
aliyenakili osmosisi ubaoni wiki tatu
kwa mwandiko safi, bila kosa, bila kuelewa,
kama fundi anayechonga jina
kwenye kaburi la mtu asiyemjua.

Siku hiyo nilifunga mlango.
Nikakata kiazi mviringo, nikakichimba tumbo,
nikatia chumvi, nikakiketisha kwenye sahani ya maji.
Nikasema kwa Kiswahili. Haikutosha.
Nikashuka mpaka Kinyakyusa,
mpaka jikoni kwa mama, penye moshi.
Kengele ilipogonga, tumbo la kiazi lilikuwa limejaa.
Gwakisa akachovya kidole, akalamba.
"Kumbe maji yanafuata chumvi," akasema.
"Kama watu wanavyofuata kilio."

Sasa niambieni, enyi wenye viwango:
*kilio* kwa Kiingereza ni nini?
Nililitafuta neno lenye mikeka ndani yake,
lenye mikungu ya ndizi inayoletwa kichwani,
lenye wanaume wasiosemeshana miaka
wakichimba shimo moja.
Nililopata lilikuwa dogo,
la mtu mmoja, na leso yake.

Nikalishika. Nikaliacha.
Mashine ikahesabu.

Simlaani mtu. Nakitaka Kiingereza,
nakitaka kama ninavyotaka mbolea msimu wa kupanda.
Jioni tukimenya ndizi
binti yangu Subilaga ananinyoosha ulimi:
"Hapana, mama, umesema kondoo. Sema meli.
Meli, mama. Fupisha."
Tunacheka mpaka kisu kinaanguka.
Mwezi wa saba narudi Mbeya, ada nimeshalipa.

Ila leo asubuhi, kidato cha kwanza B,
watoto sitini na mmoja, ukungu dirishani,
niliwaeleza kwanza kwa Kiingereza,
polepole, kila neno na mkia wake.
Nikawatazama machoni.

Nikatoa kiazi mfukoni,
nikaenda kufunga mlango.