Kioo cha Arobaini na Moja

Ukucha tuliuweza zamani.
Kipande cha ukubwa wa ukucha, ndani ya kisanduku kikavu,
na tarakimu zikapanda hadi Nabwire akacheka peke yake.
Lakini ukucha hauwashi hata balbu ya choo.

Sasa tunataka upana wa mlango.

Godauni la Otonglo, saa nne asubuhi,
kabla upepo haujageuka ukatuletea unyevu wa ziwa.
Chini imelala silikoni, kaka mtu, mtulivu.
Juu yake tunamtandaza mdogo wake,
utando mwembamba kuliko ule wa maziwa yaliyopoa,
mwembamba mara mia kuliko unywele,
wagawane jua bila kugombana:
wa juu ale buluu, wa chini aachiwe nyekundu.

Hayo ni maelezo. Wino haujayasoma.

Wino unakauka huku kabla haujafika kule.
Unaacha mistari kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Unaacha tundu, tundu la sindano tu,
na umeme wote unavujia hapo.
Vioo ishirini na saba vilitoka manjano, vikabaki manjano.
Manjano, kwetu, ndiyo rangi ya msiba.

Ndipo tukamwita Ochuodho wa Kondele,
mchapaji wa fulana za matanga.
Hakuuliza fomula. Aliuliza,
"Huo mlango, nani kaufungua?"
Akaushika wembe mrefu kwa mikono miwili.
"Msiukimbize. Wala msiubembeleze.
Sura ya marehemu ikipata mstari, familia hairudi."

Cha thelathini na tisa: mstari mmoja.
Cha arobaini: stima ikapotea, jiko likapoa katikati.
Tukakaa gizani, sisi watengeneza mwanga, tukichekana.

Arobaini na moja.
Wembe ukapita. Hewa kavu ikaufuata unyounyo.
Manjano ikaingia hudhurungi, hudhurungi ikaiva,
ikawa nyeusi kama buni iliyokaangwa,
weusi ukatambaa kutoka ncha hii hadi ile
bila kusita.

Hakuna aliyepumua.
Halafu, pembeni kabisa, nzi mmoja wa ziwani,
mmoja kati ya lile wingu zima lililotanda nje,
akatua. Akanasa.

Nabwire akavuta daftari, akaandika:
"Arobaini na moja. Sawa. Nzi mmoja."

Ochuodho alikuwa keshaanza kuufuta wembe,
jicho moja kwenye saa, jingine mlangoni.
"Leteni kingine," akasema.
"Upepo bado haujageuka."