Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Barua iliingia saa nane usiku, Tartu,
theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Mtu asiyetaja jina kaandika, kwa adabu:
nimekuta tundu katika kifurushi chako.
Nimekwambia wewe tu. Una siku kumi na nne.

Urve Lepmets akawasha taa ya jikoni.
Kifurushi chenyewe kidogo, kazi yake
kufungua picha zilizobanwa, basi.
Ila kimo ndani ya kila kitu, kama chumvi:
kimo katika ubao wa saa za mabasi,
katika mashine ya wodi aliyolazwa dada yake,
katika simu ya Taavet, iliyolala naye mtoni.

Akashuka msimbo, mstari baada ya mstari.
Palipotakiwa "pungufu ya"
pameandikwa "pungufu au sawa."
Baiti moja inavuka ukuta.
Moja tu; lakini mwizi haombi lango,
anaomba pa kupenyeza kidole.

Akaiuliza historia: nani kaandika hapa?
Mashine haina haya, ikajibu:
Urve Lepmets, miaka kumi na moja iliyopita,
Jumapili. Maelezo: "usafi mdogo."

Wahenga walituasa juu ya ufa na ukuta.
Hawakusema tufanyeje
ufa ukiwa na mwandiko wetu.

Kiraka kilikuwa tayari kabla ya chai:
alama moja, imefutwa.
Kilichobaki ni kukijaribu, kukijaribu tena,
na kunyamaza,
hadi wenzake wa Brno na Sapporo wawe na sindano mkononi,
maana anayeshona peke yake
humwonyesha mwizi pa kupasua.
"Mbona huli?" aliuliza Taavet.
"Hamna kitu."
Kituoni aliutazama ubao ukihesabu dakika,
nne, tatu, mbili,
akainamisha macho, kama mtu
aliyesahau kufunga mlango wa watoto.

Siku ya kumi na nne, saa tisa alasiri, akatia sahihi.
Safari hii maelezo hayakujificha:
"Kosa langu la zamani. Sasisheni leo."

Seva zikaanza kuvuta, mojamoja, kisha kwa maelfu.
Si zote. Anajua si zote.
Iko moja, mahali fulani, chini ya meza,
vumbi limeziba feni yake,
aliyeifunga kashahama kazi,
nayo bado inahesabu
baiti moja zaidi ya haki yake.