Buluu ya Profesa Kmiecik

Łódź, kwa lugha yao, ni mashua,
mji ambao mito yake imefukiwa chini ya lami.
Utotoni mwa Zdzisława Kmiecik mmoja ulikuwa bado wazi:
Jumatatu mwekundu, Alhamisi kijani,
kutegemea kiwanda kipi kimemwaga mapipa.
Mama yake alikuwa mtia rangi.
Alizikwa na nili kwenye kucha.

Kemia ilianzia hapo. Vitabu vilifuata.

Miaka thelathini na minane alitafuta buluu moja
isiyochujuka kwa jua wala kwa sabuni
na isiyoua samaki.
Mimi nilikuwa mwosha chupa wake, hesabu ninayo:
majaribio elfu mbili mia nne na kumi na moja.
Mengi yalitoka rangi ya chai iliyolala.
Daftarini aliandika, "Haikukubali."
Nilimuuliza kwa nini haandiki tumeshindwa.
"Kwani molekuli ina deni letu?"

Februari moja mabomba ya joto yalipasuka,
tukafanya kazi na makoti mwilini, pumzi zikionekana,
na chupa ya kumi na saba
ikakubali.
Buluu, jamani!
Tulinyamaza kama wezi waliokuta mlango wazi.
Ilidumu siku tisa.
Ya kumi ikaamka kijivu,
naye akanituma matango ya chumvi na mkate,
tukala tumesimama.

Jumamosi alipanda tramu hadi shule ya Bałuty,
kabeji la zambarau mkobani.
Akilichemsha, akichuja:
tone la siki, maji yakaona haya, yakawa waridi;
chembe ya magadi, kijani.
Watoto walipiga meza.
Mmoja tu, Tymek, mwenye kamasi na fulana ya kaka yake,
aliuliza: "Kabeji lenyewe linajua?"
Profesa hakuwa na jibu.
Alirudi na swali hilo kwenye tramu,
na mwaka ule akawatungia mtihani wanafunzi wa udaktari.
Nusu yao walianguka.

Siku ya kumuaga, mkuu wa kitivo alimwita nguzo.
Akapewa saa ya ukutani.
Nilimwona akikwangua ukucha wa kidole gumba, hasikilizi.

Sasa ufunguo wa maabara ninao mimi,
na chupa bado ni zangu kuosha.
Jana nilifunua daftari lile lile.
Mwandiko ni mwingine, umelala kushoto,
herufi za kijana aliyezoea kuharakisha:

2412. Haikukubali.
Kesho nipunguze moto.
T.