Herufi Iliyozama

Vazha aliniandikia Jumatatu kutoka Tbilisi:
kazi ipo, kurasa tisini, maelekezo ya mashine ya kufulia,
ila safari hii malipo yapungue kidogo, Makvala, hali unaijua.
Nikataka kumkatalia.
Kwetu Kutaisi, hapana ni "ara":
a mwanzoni, a mwishoni,
na a yangu ilikuwa imezama tangu Krismasi
ndani ya sharubati ya cheri ya mama mkwe.
Nilibonya, ikatoka r.
R moja, peke yake, kama jino la mtoto.
Ndiyo ni "ki". Haina a.
"Ki" ikatoka bila jasho.

Ndivyo nilivyokubali kurasa tisini kwa bei ya sitini.

Usiku huo nikaipindua kibodi juu ya gazeti,
nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.
Ikatema
makombo ya mikate niliyokwisha kuisahau,
maganda ya mbegu za alizeti,
manyoya ya paka tuliyemzika mwaka juzi,
ukucha (wa nani, sikuuliza),
na mchanga.
Mchanga! Ghorofa ya nne, mji usio na bahari.

Vitufe nikaving'oa kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko,
nikavitosa kwenye bakuli la maji ya sabuni.
Tsiala, mama mkwe, akapita, akachungulia.
"Unapika nini?"
"Neno moja. Halijaiva."
Akachukua kijiko chake, akaenda zake.

Spiriti hatuna. Ipo chacha ya shemeji,
pombe ya makapi ya zabibu, kali kuliko spiriti.
Nikachovya mswaki, nikasugua mifereji,
na nyumba nzima ikanuka arusi.

Kosa langu: sikupiga picha kabla ya kung'oa.
Sasa herufi thelathini na tatu zimelala juu ya taulo
na macho hayajui nani alikaa wapi.
Nikayafumba. Nikaandika hewani jina la mtaa wetu,
na vidole, hao watumwa wa miaka kumi na mmoja,
vikaenda nyumbani bila kuuliza njia.

Asubuhi a ikaandika. Mara moja.
Kisha ikaandika aaaaaaaaaaaaaaa
hadi ukingo wa kioo, kama mtu aliyekanyagwa,
kisha kimya.

Duka la Badri lipo nyuma ya soko, baada ya wauza jibini.
Ya lari tisini ina taa za rangi saba
na inalia kama mvua ya mawe juu ya bati.
Ya arobaini haina waya, lakini inakula betri.
Ya ishirini na mbili ni nyeusi, nyepesi kama biskuti,
ukiikandamiza katikati inabonyea,
na herufi zake ni za Kilatini tu:
vibandiko vya Kijojia, lari mbili mbali.
Rahisi ni ghali, husema watu
ambao hawajawahi kuulizia bei ya ghali.

"Ichomeke," nikamwambia. "Niijaribu."
Nikaandika neno nililolibeba wiki nzima:
ara. ara. ara ara ara.
Badri akasoma kioo, akashusha pumzi.
"Haya, kumi na nane. Na vibandiko juu yangu."
Sikumsahihisha.

Sasa ni usiku. A nimeibandika upande,
imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni.
Kibodi ya zamani inakauka kifudifudi karibu na jiko.
Usiitupe, anasema Tsiala, nitajifunzia,
nataka kumwandikia dada yangu,
naye ni Guli, jina lake halina a.

Vazha ameandika tena.
Kurasa mia, mashine ya kuosha vyombo, bei ile ile ya juzi.
Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto
kinangoja juu ya kibandiko.
Lari kumi na nane zimetoka, na umeme haujalipwa.

Kwanza nimemuuliza hali ya watoto.